Viwanja Viwili vya Chang'ombe na Kazi Zisizo na Mpaka

Majina mengi, mahali pamoja

Mtu akifika Dar es Salaam na kuuliza uliko Uwanja wa Taifa, huenda akapewa majibu mawili, na kila jibu likawa na mashahidi wake. Mzee aliyekuwa kijana katika siku za Azimio la Arusha atamwelekeza kwenye uwanja mkongwe, ambao leo unaitwa Uhuru na ambao ndimi za mitaani ziliubatiza zamani jina la Shamba la Bibi. Mtu wa makamo aliyeanza kununua tiketi baada ya mwaka 2007 atamwelekeza kwenye jengo kubwa la viti 60,000 lililo ubavuni mwa ule mkongwe. Na kijana wa leo atashangaa kulisikia neno Taifa, kwa kuwa yeye huenda "kwa Mkapa", au, akiwa na mzaha wa kishabiki, huaga nyumbani kwamba anakwenda Lupaso, ilhali Lupaso yenyewe ni kijiji cha Masasi, baidi kabisa na Chang'ombe ya Temeke, viliko viwanja vyote viwili.

Lau mkanganyiko huu ungekomea kwenye majina, ungekuwa jambo la kuchekesha barazani na kusahauliwa. Walakini hurudi kila mara mchezo unapohamishwa, hafla inapotangazwa au nyasi zinapoharibika, na hapo watu huuliza maulizo mazito zaidi: uwanja huu ni wa nani, na umejengwa kwa kazi gani? Mwezi Mei 2025 maulizo hayo yalisikika kwa sauti kubwa kuliko kawaida, pale mchezo wa marudiano wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika baina ya Simba na RS Berkane ya Morocco ulipovushwa bahari na kupelekwa Uwanja wa Amaan, Unguja, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikukubaliwa. Mji wenye viwanja viwili vilivyopakana ulikosa hata kimoja cha kuchezea fainali. Jambo hilo lina asili yake, na asili yake ni ya zamani kuliko mvua za mwaka ule.

Ua wa dola

Uwanja mkongwe haukupata utukufu wake kwa mpira. Ulipata usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, taa zilipozimwa na kuwashwa tena, bendera ya Mwingereza ikiwa imeshuka na ya Tanganyika imepanda, mbele ya Mwalimu Julius Nyerere, Gavana Richard Turnbull na Mwanamfalme Philip aliyekuja kwa niaba ya Malkia, wakati uleule ambapo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni Kilimanjaro na mwenge wake. Tangu usiku huo dola iliuhesabu uwanja kuwa ua wake, mahali pa kuwakutanisha raia wake na kujionyesha kwao. Gwaride la kila Desemba lilipita hapo. Watoto wa shule walifundishwa halaiki kwa majuma mengi juani ili waandike kwa miili yao maneno ya siasa ya siku ile. Na marais waliapa hapo, akiwamo John Magufuli tarehe 5 Novemba 2015.

Pamoja na furaha za dola, uwanja ulibeba na misiba yake. Oktoba 1999 jeneza la Mwalimu lilipumzishwa hapo kabla ya safari ya Butiama. Julai 2020 ikawa zamu ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa, na ni katika maombolezo hayo, yaliyofanyika uwanja mkongwe, ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba uwanja mpya uitwe kwa jina la marehemu. Ndiyo maana mashabiki, kwa kufuata kaburi la mtu yule, wakaleta Lupaso mjini. Miezi minane baadaye Magufuli mwenyewe alilazwa uwanja huohuo, na tarehe 21 Machi 2021 msukumano wa waombolezaji ukaua watu 45. Tukio hilo aghalabu husimuliwa kama sehemu ya habari za msiba ule, na ni nadra kuhesabiwa katika historia ya uwanja, ingawa hapo ndipo mahali pake hasa: lilionyesha kwamba ua unaobeba watu wapatao 23,000 ulikuwa umeachiwa kazi ya kupokea jiji zima.

Mpira nao ulikuwapo muda wote, kama mpangaji mwenye kelele katika nyumba ya tajiri. Watani wa jadi, Simba na Yanga, walikutana hapo, na mwaka 1993 Simba, iliyokwisha kutoka sare ugenini na Stella ya Côte d'Ivoire katika fainali ya Kombe la CAF, ilikuja kufungwa 0–2 nyumbani, mbele ya watu waliokwenda kusherehekea. Wazee wa Msimbazi, maskani ya Simba, hawajaisamehe siku ile.

Ama jina la Shamba la Bibi, hata kama asili yake husimuliwa kwa njia nyingi, maana yake katika Kiswahili cha mtaani ni bayana: shamba la bibi ni mali isiyo na mlinzi, ambayo kila apitaye huchuma na hakuna apaliliaye. Jina la mzaha halijapata kueleza kadhia ya uchumi kwa ufupi kama hilo.

Kuzaliwa kwa uwanja wa pili

Sababu za kujenga uwanja mpya zilikuwa tatu, na zote zilikuwa za kweli. Mkongwe ulikuwa mdogo kwa mji uliokuwa ukiongezeka kila mwaka. Masharti ya michezo ya kimataifa yalidai viti vya mtu mmoja mmoja, vyumba vya wachezaji, taa na njia za kutokea ambavyo uwanja wa zamani haukuwa navyo. Na China, rafiki wa tangu reli ya TAZARA, ilikuwa tayari kusaidia. Serikali ya Mkapa ikaingia katika ujenzi huo, kampuni ya Beijing Construction Engineering Group ikaufanya, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu dola milioni 56 ambazo China ilichangia sehemu kubwa. Uwanja ukaanza kuchezewa mwaka 2007, na Februari 2009 Rais Hu Jintao alifika mwenyewe katika hafla ya makabidhiano. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Juni 2010, Brazil ikacheza hapo ikielekea Kombe la Dunia, ikaifunga Taifa Stars 5–1, na hakuna aliyetaka kurudishiwa nauli yake.

Uwanja ulichorwa kuwa wa michezo mingi, na ukazungushiwa njia ya riadha. Kwa nini? Kasarani ya Nairobi, iliyojengwa pia kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ilichorwa hivyohivyo. Nyuma ya mchoro huo ipo hesabu ya hazina zaidi ya dhana ya michezo: waziri anayeomba fedha za umma kwa ajili ya mpira peke yake ataulizwa na wabunge kwa nini mwanariadha na mcheza netiboli wasahauliwe, na hana jibu, lakini akiomba kwa ajili ya "michezo yote" haulizwi. Uwanja wa kazi nyingi huidhinishwa kwa wepesi. Shida yake huanza siku ya kuutunza.

Uwanja mpya ulipoanza kutumika palikuwa na nafasi njema ya kugawa kazi: mpira uhamie jengo jipya, na dola, dini na sherehe vibaki kwa mkongwe. Kwa sehemu ikawa hivyo, lakini ikawa kwa mazoea tu, pasi na kanuni iliyoandikwa ikajulikana na kila mtu. Mazoea huvunjwa na haja ya kwanza inayotokea. Oktoba 2016, viti vilipovunjwa kwa mamia katika mchezo wa Yanga na Simba, klabu zote mbili zilifukuzwa uwanja mpya zikarudishwa Uhuru, na mpira ukaingia tena katika ua wa dola. Kwa upande wa pili, mashindano ya Kurani ya mwezi wa Ramadhani, ambayo umma wake haukai tena katika uwanja mdogo, yaliingia uwanja mkubwa. Na kwa kawaida Agosti matamasha ya klabu, Simba Day na Wiki ya Mwananchi, huleta majukwaa ya muziki, maspika na malori. Majina yakagawanywa, kazi zikabaki pamoja.

Wasemao uwanja na ufanye kila kazi

Wenye rai hii hutazama daftari la fedha, na hawakosei kulitazama. Uwanja wa watu 60,000 hujaa kwa mpira siku chache sana za mwaka: mchezo wa watani, usiku mmoja mmoja wa mashindano ya Afrika, na Taifa Stars inapokuwa na bahati, kama ilivyokuwa Machi 2019 ilipoifunga Uganda 3–0 na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Siku za mchezo wa kawaida wa ligi, mzunguko unaweza kuwa na watu wa kuhesabika, ilhali taa, maji, walinzi na mashine za kukata nyasi hutaka fedha ileile. Mapato ya mlangoni nayo hayamfikii mwenye uwanja yakiwa mazima: kodi ya ongezeko la thamani peke yake huchukua asilimia 18, kisha hufuata mafungu ya klabu, shirikisho na wasimamizi. Atakayelipa umeme wa siku zilizobaki ni tamasha, kongamano na ibada.

Fauka ya fedha wanayo hoja ya uraia, ambayo ni nzito zaidi kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Mji unahitaji mahali pamoja pa kukusanyikia. Watu waliomlilia Nyerere na watu waliomshangilia mfungaji wa goli ni walewale, na uwanja unaojua vilio na vifijo vyao hupata taadhima ambayo hakuna msanifu awezaye kuichora. Uwanja wa mpira tupu haupati kumbukumbu ya namna hiyo.

Udhaifu wao ni kwamba huzungumza juu ya viti na kuisahau nyasi.

Nyasi na masika

Hapa inafaa kushuka kutoka jukwaani na kuinama. Nyasi ya uwanja wa mpira huishi kwa sentimita chache za mchanga ulio wazi, ambamo maji hupita kuelekea mifereji ya chini na hewa huifikia mizizi. Tamasha likija, jukwaa husimikwa, sakafu ya muda hutandazwa, lori hupita juu ya njia ya riadha na pengine juu ya pembe ya uwanja, na maelfu ya miguu husimama mahali pamoja kwa saa sita. Asubuhi yake nyasi huonekana imelala tu, na mtu asiyejua husema itainuka. Itainuka, naam, lakini chini yake mchanga umeshindiliwa, matundu ya kupitishia maji yamezibika, na uharibifu huo hauonekani mpaka mvua inyeshe.

Na mvua inanyesha lini Dar es Salaam? Masika huanza Machi na kwisha Mei. Kalenda ya mashindano ya klabu Afrika nayo hupeleka robo fainali, nusu fainali na fainali katika Aprili na Mei. Klabu zetu zilipokuwa zikitolewa mapema, mgongano huu haukujulikana, kwa kuwa masika iliukuta uwanja hauna wageni. Sasa Yanga imecheza fainali ya Shirikisho 2023 na Simba 2025, na kila mafanikio yao huangukia miezi ambayo udongo hauwezi kusamehe lililotendwa Agosti na Ramadhani. Kuhamishwa kwa ile fainali kwenda Unguja, ambako ilikwisha kwa sare ya 1–1 na kombe likaenda Morocco, kulichukuliwa na wengi kuwa ni chuki ya wakubwa wa soka. Chuki ni maelezo mepesi. Mchanga ulioshindiliwa na mawingu ya Mei hutosha kueleza jambo hilo bila kumsingizia mtu.

Wasemao mpira peke yake

Kundi la pili lingependa njia ya riadha ing'olewe na majukwaa yakaribie. Hoja yao inapimika kwa mita. Njia ya kukimbilia ya kawaida, yenye mistari minane, ina upana wa karibu mita 10. Na kwa kuwa mzunguko wake una urefu wa ndani wa mita 157 hivi ilhali uwanja wa mpira una mita 105, nyuma ya kila goli hubaki nafasi ya mita 26 kabla njia yenyewe haijaanza. Shabiki aketiye nyuma ya goli, basi, yuko mita zisizopungua 35 na mstari wa goli, na mpira wa kichwa katika lango la mbali kwake ni habari ya kuambiwa na jirani mwenye redio. Nairobi imekwisha kuielewa hesabu hii, na Uwanja wa Talanta wa huko umechorwa bila njia ya riadha.

Hata katika riadha wana neno. Utukufu wa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, waliorudi kila mmoja na medali ya fedha kutoka Moscow 1980, ulikuwa wa njia ya duara. Lakini utukufu wa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025, ni wa barabara, na barabara haihitaji viti 60,000. Njia ya Chang'ombe, wasema, hupitiwa na malori zaidi ya wakimbiaji.

Hoja hii ina nguvu kwa mchoraji wa uwanja ambao haujajengwa, na dhaifu kwa mwenye uwanja uliokwisha simama. Kuing'oa njia hakusogezi jukwaa hata hatua moja. Viti vya zege vitabaki palepale, na mbele yao patabaki utupu usio na kazi. Na ikiwa njia haina wakimbiaji, pengine ni kwa sababu mafunzo ya riadha yaliachwa mashuleni. Kasarani ina njia kama hiyo, na ilipokea mashindano ya dunia ya vijana ya 2017 na 2021. Kuulaumu uwanja kwa kukosa mwanariadha ni sawa na kulilaumu jahazi kwa kukosa nahodha.

Wasemao klabu zijenge

Wa tatu husema serikali iachane na mpira, na klabu zenye mamilioni ya mashabiki zijitegemee. Mfano wao ni klabu ya Azam, iliyojenga uwanja wake wa Chamazi na kucheza kwake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mfano ni mzuri, ila Azam ina tajiri nyuma yake, na Chamazi inachukua watu wapatao 10,000 tu. Mchezo wa watani hauingii humo. Yanga ina eneo lake Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, ambako mafuriko hufika kabla ya mashabiki. Rai hii ingepunguza michezo ya kawaida katika uwanja mkubwa, na hiyo ni faida kubwa kwa nyasi, lakini haiondoi haja ya uwanja wenyewe.

Mizani

Zikipimwa pamoja, rai hizi hazipingani kwa kiasi ambacho wasemaji wake wanadhani, maana kila moja inazungumzia kitu kingine: ya kwanza inazungumzia mji, ya pili jengo, ya tatu mwenye mali. Kwa insafu, mwenye rai ya kwanza ana haki kuliko wenzake, kwa sharti moja: kazi nyingi ni wajibu wa Chang'ombe nzima, zisiwe mzigo wa nyasi moja. Uhuru, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa na nyasi bandia, unaweza kubeba kiti, zulia na jukwaa bila kufa, Mkapa hauwezi. Mgawanyo uliokuwa mazoea mwaka 2009 unastahili kuwa kanuni yenye tarehe na adhabu.

Kanuni hiyo itakuwa na gharama yake. Umati uliozoea viti 60,000 utaambiwa uingie penye 23,000, na kilichotokea Machi 2021 kinatosha kukataza jambo hilo mpaka milango na njia za kutokea za Uhuru zipanuliwe na idadi ya waingiao ihesabiwe. Fedha zitakazokosekana kwa kuyazuia matamasha ya Mkapa lazima zitoke penginepo, na pengine pepesi ni kuacha sehemu ya ile kodi ya mlangoni irudi kwenye uwanja ulioichuma. La sivyo tutarudia usiku wa Aprili 2023, taa zilipozimika katikati ya mchezo wa Yanga na Rivers United ya Nigeria na bara zima likatazama giza. Yapo pia mambo yanayosaidia bila kuombwa: dola imehamia Dodoma, na Magufuli alipoapa mara ya pili mwaka 2020 aliapa huko, katika Uwanja wa Jamhuri, kwa hiyo ua wa zamani una nafasi ambazo haukuwa nazo enzi za halaiki.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja kwa Tanzania, Kenya na Uganda pamoja. Kabla ya rangi kupakwa na viti kubadilishwa, kingefaa kitu kidogo kisichotaka mkandarasi: kalenda moja ya viwanja vyote viwili, ianzie na miezi ya mvua badala ya Januari, itundikwe katika ofisi ya meneja, na kila ajaye kuomba Mkapa kwa jukwaa la Februari au Machi aonyeshwe lango la pili, ng'ambo ya ukuta.